Ndula za Tapu na Kidole cha Mathe

Nilizisikia kabla nizicheki. Gikomba, mangware ya saa kumi na mbili, ile saa belo inafunguliwa na wasee wa kamera, wale wa kuchagua kwanza, wamesimama juu yake kama mwewe. Muuzaji akamwaga viatu kwa meza ya mbao, na katikati ya raba na makubadhi kukatoka kasauti ka chuma. Ta-tak. Kama mtu ameangusha vijiko mbili jikoni. Wengine hawakushtuka, walikuwa wanasaka njumu. Mimi moyo ilidunda. Nikaingiza mkono, nikavuta, na ndio hizo: ndula nyeusi za kamba, leza safi, vyuma mbili chini ya kila moja, moja kwa vidole, ingine kwa kisigino. Viatu za tapu, manze. Mbele yangu.

Nilikuwa nimezisaka karibu mwaka mzima. Namba ya saizi ilikuwa imefutika, so nikazidunga hapo hapo na soksi za kutembea. Nikabonyeza mbele na kidole gumba cha mkono, kikazama. Nafasi ya kutosha. Nikajiambia poa, nitaweka soksi mbili. Tukapatana soo nane, nikapanda mat ya Umoja na mfuko kwa magoti, nikiushika kama mtoi amelala.

Hizo soksi mbili ndizo zilinifunza karibu kila kitu niko nayo ya kukushow hapa.

Sisi wengi Kanairo tumelelewa na kidole cha mathe. Unakumbuka Januari, foleni ya duka ya viatu, mathe ameinama, anabonyeza mbele ya kiatu ya shule. Kidole kikigongana na vidole vyako, kiatu inarudi kwa shelfu. Kikizama, analipa. Lazima ukue ndani yake, itoboe mwaka, na ikibaki na uhai imshukie brathe mdogo. Hiyo ilikuwa hesabu ya mapenzi na doh kidogo, na siwezi kuibonga vibaya. Lakini ilituachia kitu kwa ubao: kwamba kiatu poa ni ile iko na nafasi. Ukienda na hiyo akili kwa tapu, umeumia.

Juu kwa tapu kiatu si nguo ya mguu. Ni ngoma. Chuma ndio ngozi yake, mguu ndio mkono wa mpigaji. Chukua ile step ya kwanza kila mtu hufunzwa, shafoli: unapangusa chini na ncha ya mguu ukienda mbele, unapangusa ukirudi, sauti mbili za haraka. Sasa kama kiatu ni kubwa, mguu unaanza safari na kiatu inaufuata nyuma. Kwa macho huwezi ona kitu. Kwa masikio iko wazi kabisa, ile sauti ya pili inachelewa, inakuja ikiwa imelewa. Na kisigino ni ngori zaidi. Unainua mguu, kisigino chako kinachomoka ndani ya kiatu. Unashusha, kiatu inagonga sakafu, halafu wewe unagonga kiatu. Umetaka mdundo moja, umepata moja na kivuli chake.

Mimi sikujua hiyo story. Nilikuwa najifunza kwa simu, juu ya kipande cha plaiwudi kwa roof ya ploti yetu, katikati ya kamba za nguo. Nilidhani ni mimi nakosea. So nikazidisha mazoezi. Mguu ukiwa ndani ya kiatu kubwa unafanya kitu chini ya maji, haukuulizi: vidole zinajikunja kama kucha za kuku kushika kiatu isitoroke. Fanya hivyo nusu saa kila jioni, uone vile mfupa wa mbele ya mguu utawaka. Wiki ya pili nilikuwa na malengelenge mbili kwa kisigino, na kucha ya kidole kikubwa ilikuwa imegeuka nyeusi. Nilikuwa nashuka ngazi za ploti kando kando.

Kuna story wapenzi wa filamu za kitambo huambiana. 1936, Hollywood, Ginger Rogers na Fred Astaire wanashuti densi ya mwisho ya Swing Time. Wakarudia na kurudia, usiku ukaingia, mpaka miguu ya Ginger ikatoa damu ndani ya viatu. Watu huipiga hiyo story kama sifa ya kujituma. Mimi siku hizi nikiiskia nafikiria tu ile miguu, na sioni sifa yoyote hapo. Maumivu kwa kiatu ni habari. Mguu unakuambia kitu, na ukiunyamazisha leo, kesho utakuambia kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa cheki vile ningepima ile asubuhi kama ningekuwa na rada.

Kwanza, singepima asubuhi. Mguu huvimba kidogo vile siku inaenda, hasa kama umesimama kwa mat au umetembea tao kutoka steji moja hadi ingine. Kiatu imekukaa fiti saa kumi na mbili asubuhi inaweza kukubana saa kumi na mbili jioni, na jioni ndiyo saa wengi wetu tunapata ya kudansi. Halafu, kabla hata ya kutoka keja, weka karatasi chini, simama juu yake na uzito wako wote, mtu akuchoree mguu na penseli ikiwa wima. Miguu zote mbili. Utashtuka, karibu kila mtu ako na mguu moja mkubwa kuliko mwenzake. Huo mkubwa ndio unaamua. Pima sentimita kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, halafu pima pia upana, pale mguu umepanuka nyuma ya vidole.

Hizo sentimita ziseti kwa simu. Namba peke yake itakuchezea. Saba ya madem ya Marekani ni kama tano ya Uingereza, na saba ya wanaume ya huko huko Marekani ni kama sita ya Uingereza. Sasa msee anakuuzia kwa simu anakuambia "ni saba," saba gani? Mwambie akupimie ndani ya kiatu. Akikataa, wachana naye.

Na huu upana usiuruke, juu hapa ndio wengi wetu tunaanguka. Tumekua tukikimbia peku peku mtaani na ocha, miguu zetu zimejipanua vile zilitaka. Kiatu nyembamba ikikubana kando, akili inakuambia panda saizi. Unapata upana, lakini umeongeza urefu hukuhitaji, na umerudi kwa ile shida yangu. Viatu mingi za densi za Marekani huandikwa herufi ya upana karibu na namba: N ni nyembamba, M ni ya kati, W ni pana. Tafuta W kabla utafute namba ingine.

Ikiwa mguuni, unataka kuskia nini? Vidole zilale, zinyooke, ziguse mbele kidogo tu bila kukunjwa. Kando zikushike kama salamu ya msee anakufurahia. Kisigino kishikwe. Ile kidole ya mathe ikibonyeza mbele, ikutane na wewe hapo hapo. Leza italegea kidogo ikizoea joto la mguu, so leza ikianza ikiwa imekaza kiasi, sawa, mradi haikuchomi. Zile za plastiki za kung'aa hazilegei, vile ilikubana siku ya kwanza ndivyo itakubana mpaka ipasuke. Hiyo lazima ikukae kutoka siku ya kwanza. Na upime na zile soksi utadansi nazo, soksi moja.

Usisimame tu ukijicheki kwa kioo. Inuka kwa vidole, kisigino juu kabisa: kiatu inainuka na wewe ama inabaki nyuma? Kunja magoti. Tikisa mguu kama unatoa maji ya mvua. Halafu peleka mguu nyuma, gonga chini na ncha. Vidole zikigonga ukuta wa mbele kwa nguvu, kiatu ni fupi. Mguu wote ukiteleza ndani kama konda kwa mlango wa nganya, ni refu. Kaa ndani yake dakika kumi. Muuzaji akinuna, mwache anune. Ni miguu zako.

Kwa mitumba kuna kazi ya ziada, na mimi huipenda kusema kweli. Cheki ndani, pale miguu ya mwenyewe wa kwanza ilikaa. Leza huandika. Kama kidole chake kiliacha shimo mahali chako hakifiki, hiyo shimo haitahama. Ikunje kiatu: inafaa kukunjika pale nyuma ya vidole, mahali mguu wako pia hukunjika. Ikikunjika katikati, imechoka mgongo, haitakushikilia. Cheki vyuma, kando zake zisiwe zimelika kuwa kali kama wembe, na skruu zisiwe na kutu ya kukataa bisibisi. Jina pia unaweza soma kama bado iko. Capezio ni wasee wa New York, walianza 1887 na duka ya kushona viatu. Bloch ilianza Sydney, 1932, na fundi aliyekuwa anatengenezea wadensi viatu. Ni majina fiti, lakini jina haliingii kwa mguu wako. Nimeona mtu akilipa ngiri tatu juu ya jina, na kiatu ikamkataa.

Za kamba, za mkanda, ama za kuingiza tu? Kama unaanza, kamba. Unaweza kaza hapa, ulegeze pale, mguu ukivimba unaifungulia. Za mkanda moja ni tamu kwa luku, zinashika vizuri kama juu ya mguu wako imeinuka, kama imelala zitakuchezea. Za kuingiza ngoja kwanza. Na kisigino kirefu pia kingoje. Najua, umeona madem wa Broadway wakidunga visigino vya inchi mbili na zaidi, wanashuka ngazi kama maji. Anza na inchi moja, moja na nusu ikizidi sana. Ukiwa juu zaidi uzito wote unakimbilia vidole, na kisigino, ile inafaa kuwa besi ya hiyo ngoma, unaanza kuiogopa.

Sisemi luku si kitu. Kuna bazu anaitwa Peg Leg Bates, Clayton Bates, alizaliwa South Carolina 1907. Akiwa na miaka 12 mashine ya pamba ilimkata mguu. Mjomba wake akamchongea wa mbao, na kwa huo mguu akawa mdensi wa tapu wa kuitwa kwa runinga ya Ed Sullivan zaidi ya mara 20. Alikuwa na miguu ya mbao ya rangi tofauti, suti ikibadilika na mguu unabadilika. Hiyo ndiyo luku naheshimu. Lakini fikiria, kabla ya rangi, ile mbao ililazimika kukaa na mwili wake. Ingemchoma, hakuna steji angepanda.

Na si bahati kwamba hii densi ni ya watu walioanza bila kitu. 1739, watumwa Waafrika waliasi pale Stono, South Carolina, wakiandamana na ngoma. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku ngoma kwa watumwa. Mdundo ukabaki na nyayo na makofi. Baadaye, miaka ya 1840, mtaa wa Five Points, Manhattan, weusi na Wairishi walikuwa wanaishi wakibanana kama sisi tu, wanashindana kwa densi, na kijana mweusi William Henry Lane, walimwita Master Juba, akawa jina kubwa hadi Uingereza. Bill "Bojangles" Robinson, yule wa kupanda na kushuka ngazi akidansi, alidunga soli za mbao. Siku yake ya kuzaliwa, Mei 25, ndiyo Wamarekani walichagua kuwa siku ya tapu, kwa sheria ya 1989. Savion Glover, aliyepea yule pengwini wa filamu ya Happy Feet miguu yake, alienda darasa za kwanza na buti za koboi juu mathake hakuwa na doh ya ndula zenyewe. Huko New Orleans watoi hubandika vifuniko vya soda kwa soli wakadansi barabarani. Na hata sisi, msee amewahi kuona njuga zikifungwa kwa miguu kwa harusi ama matanga hahitaji kufunzwa kwamba mguu unaweza kuongea.

So kama huna ndula za tapu bado, usikae chini. Kiatu ya ofisi ya leza, soli ngumu, imekukaa vizuri, inakutosha kuanza. Inashinda ndula halisi za saizi ya mtu mwingine. Hii nasema nikiwa nimelipia.

Mahali unadansi pia ni sehemu ya kiatu. Simiti hapana. Inakula vyuma, na kila pigo linarudi kwa magoti. Plaiwudi juu ya kapeti kuukuu ama vipande vya mbao, iwe na kakudunda kidogo, hapo mguu unapumua. Tailsi zinateleza, chuma mpya juu ya tailsi itakulaza chini. Na mtaani, ukitoka, vua, beba kwa mfuko. Lami si yake.

Mwezi wa pili nikapeleka zile ndula kwa fundi, mzee wa mwavuli karibu na steji. Nikamuuliza kama anaweza kuzipunguza. Akaziangalia kitambo, akageuza, akagonga chuma na ukucha.

"Msichana wangu, kiatu ndogo naweza kukutanulia kidogo. Kubwa sina dawa."

Nilikuwa karibu kulia, juu zile soo nane zilikuwa za mwezi mzima za kusave. Yeye akauliza, "Hivi vyuma vinatoka?" Nikasema vinatoka, ni skruu. Akasema basi niletee kiatu yenye inakupenda.

Nikarudi keja nikifikiria. Mimi na mathe tunavaliana viatu toka nikiwa fomu tatu. Ako na ndula za kanisa za kitambo, nyeusi, za kamba, leza juu na leza chini, kisigino cha inchi moja. Alikuwa ameziwacha tangu anunue zingine. Nikamwomba. Alinipea bila kuuliza ni za nini, na mimi sikusema.

Fundi aliongeza kwanza soli ya pili ya leza, nyembamba, iliyobandikwa na gundi na kushonwa, ndio skruu zipate mahali pa kuuma zisinichome mguu kutoka chini. Hata viatu za mabazu hujengwa hivyo, soli juu ya soli, sauti inakuwa nzito. Vyuma vilikuwa vimezidi kidogo kando, na chuma ikitokeza nje ya soli itakukwaza, so akavichonga na tupa. Ni aluminiamu, inachongeka. Chini ya kila chuma akaweka kipande chembamba cha ubao mgumu, kile kilikuwa kwa zile za kwanza. Akafunga skruu, tatu mbele, tatu nyuma, akanipea.

Nikasimama kwa benchi yake. Soksi moja. Vidole zimelala, zimefika mbele. Nikainuka, kisigino kikaja na mimi. Nikapiga shafoli.

Ta-tak. Mbili. Zimejitenga, safi, kila moja na jina lake.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa akiskiza kama mtu wa kupima gitaa. "Ya kushoto nyuma inalia vibaya," akasema. Akaishika miguuni kwangu, akazungusha skruu moja kama robo hivi. "Jaribu tena." Nikajaribu. Akatingisha kichwa, akarudisha kidogo. Hapo sasa. Skruu ikikaza sana sauti inakufa, ikilegea sana inacheza kama debe, na katikati kuna mahali pake. Tangu siku hiyo natembeanga na bisibisi ndogo kwa mfuko.

Jioni moja nikapanda roof. Nilikuwa nimezizoesha kwanza kwa nyumba siku tatu, dakika ishirini ishirini, juu hata kiatu ikikukaa haifai kuamshwa kwa kelele. Mathe akaja kuanua nguo. Akaona ndula zake. Akaangalia vyuma, akaniangalia mimi, akaweka beseni chini. Halafu akainama, vile ameinama kila Januari ya maisha yangu, akabonyeza mbele na kidole gumba. Kikakutana na changu.

"Hizi zimekufikia," akasema. "Hazina nafasi."

"Ndio, mathe. Ndivyo zinafaa."

Hakuamini. Akageuza beseni, akaikalia, nguo zikiwa kwa bega. Nikapiga ile kidogo najua, shafoli nne, kisigino, kisigino, ncha nyuma, shafoli tena. Nguo za majirani zilikuwa zinapepea na jua lilikuwa linashukia Buruburu.

Akanyamaza kiasi. Halafu akasema, "Rudia ile ya mwisho."